Tathmini ya Huduma: Mkandarasi Aliyetushauri Tusibomoe

Tathmini hii inahusu kampuni ya ukarabati ambayo mimi na mume wangu tuliipa kazi ya kufufua nyumba ya zamani badala ya kuibomoa na kujenga mpya. Nimesubiri mwaka mzima tangu tukabidhiwe funguo ndipo niandike, kwa sababu kazi ya ujenzi husifiwa siku ya makabidhiano, rangi ikiwa bado inanukia, lakini hujulikana baada ya msimu mmoja wa mvua kupita juu yake. Jina la kampuni silitaji, kwa kuwa nina malalamiko kadhaa ambayo nimekwisha kuyafikisha kwao wenyewe, na kwa kuwa mambo niliyoyaona yanamhusu yeyote anayetoa huduma ya aina hii.

Nyumba inakaribia umri wa miaka 90. Haina ghorofa, ina mita za mraba 110 juu ya kiwanja cha mita za mraba 600, na imo katika mtaa ambao nyumba zake zote zilijengwa kwa kimo kimoja na miti yake imekwisha kuyapita mapaa. Tulipoinunua ilikuwa na kuta zenye ukungu, umeme wa mashaka na choo kimoja. Kila aliyeingia alitupa pole kana kwamba tumefiwa.

Tuliita kampuni mbili. Ya kwanza hujenga nyumba mpya tu. Mwakilishi wake alikaa kwetu dakika 20, hakupanda darini, hakuinama kutazama msingi, akapima kiwanja kwa hatua za miguu, na baada ya siku tatu akatuletea picha ya nyumba ya ghorofa yenye mita za mraba 420, gereji ya magari mawili na ukumbi wa kuingilia ulio wazi hadi kwenye paa. Tulipomuuliza nani atakaa katika vyumba vyote hivyo, kwa kuwa sisi ni watu wanne, alijibu kwamba ardhi ya mtaa kama huu ni ghali mno kuwekewa nyumba ndogo. Jibu hilo si la kipuuzi, na nitalirejea. Kampuni ya pili, ambayo ndiyo ninayoitathmini, ilikataa kutoa makadirio yoyote kabla ya kufanya ukaguzi wa siku mbili, na ukaguzi huo ikautoza malipo yake. Wakati ule niliona ni ujanja wa kutukamua. Sasa naona kwamba ndio uliokuwa sehemu bora kuliko zote za huduma yao.

Siku ya kwanza walikuja watatu: mhandisi wa majengo, fundi mwashi wa makamo na kijana wa umeme. Walifungua dari katika sehemu nne, wakachimba mashimo mawili kando ya msingi hadi kuufikia udongo unaoubeba, wakashusha timazi kwenye kila pembe ya nyumba, wakadunga mbao za kenchi kwa bisibisi moja baada ya nyingine kutafuta zilizooza au kuliwa na wadudu, na wakapima unyevu wa kuta kwa vimo vitatu kutoka sakafuni. Kipimo hicho cha mwisho kina maana yake. Unyevu unaopanda kutoka ardhini huwa mwingi chini na hupungua kadiri ukuta unavyokwenda juu, ilhali unyevu unaotokana na paa linalovuja au bomba lililopasuka hufuata njia nyingine kabisa, na anayetibu mmoja kwa dawa ya mwingine atapaka rangi kila mwaka bila kuona mafanikio.

Sebuleni kulikuwa na ufa wa mshazari ulioanzia pembe ya dirisha, ambao wageni wetu wote, pamoja na yule mwakilishi wa kampuni ya kwanza, waliuchukua kuwa hati ya kifo ya nyumba. Mhandisi alibandika kipande chembamba cha kioo juu yake, kikishikwa na jasi pande zote mbili za ufa, akaandika tarehe kwa penseli na kutuomba tusikiguse katika miezi mitatu ambayo ramani na kibali vingekuwa vinashughulikiwa. Kioo hakipindi: ukuta ukisogea hata kidogo, kinapasuka. Methali ya ufa na ukuta sote tunaijua, ila haisemi kwamba ufa unaozibwa kabla ya kujulikana kama bado unatembea huwa umefichwa tu, na mwenye nyumba huja kuukuta mahali pengine ukiwa mpana zaidi. Kioo chetu hakikupasuka. Ufa ulikuwa wa zamani, wa wakati nyumba ilipokuwa ikijikalisha juu ya udongo wake, na ulikuwa umetulia pengine kabla sisi hatujazaliwa.

Ripoti ilikuwa na kurasa 31, nayo iligawa kazi katika mafungu matatu: zisizoweza kusubiri, zinazoweza kusubiri na zisizopaswa kufanywa. Fungu la tatu lilinishangaza, kwa maana sikuwahi kumwona mtu anayelipwa kwa kazi akiorodhesha kazi asizotaka kupewa. Humo walitaja kenchi zote isipokuwa mbili, milango ya ndani, na sakafu ya mbao ya vyumba vya kulala. Mbao za nyumba za umri huu mara nyingi zilitoka kwenye miti iliyokua polepole msituni, duru zake zimebanana, nazo huwa ngumu na tulivu kuliko nyingi za miti ya kupandwa inayovunwa mapema, kwa hiyo kuzing'oa ili kuweka za dukani ni kutoa dhahabu na kupokea bati. Ripoti hiyohiyo ilieleza pia hali ambazo wao wenyewe wangetushauri tubomoe: msingi unaoendelea kuzama upande mmoja, kuta zinazobeba paa zikiwa zimeinama kupita kiasi, au kiwanja kinachofurika mara kwa mara. Hapo ndipo nilipoanza kuwaamini, kwa sababu mtu ambaye hawezi kamwe kukushauri ubomoe hatofautiani sana na yule ambaye hawezi kamwe kukushauri ukarabati.

Kazi yenyewe ilianza na kuta. Nyumba ilijengwa kwa matofali laini ya kuchoma yaliyounganishwa kwa chokaa, na mmoja wa wamiliki waliotutangulia, bila shaka kwa nia njema, alizipiga kuta zote lipu ya saruji. Saruji tunayoitumia leo ni mzao wa ile ambayo Joseph Aspdin aliisajilia hataza Uingereza mwaka 1824, na katika jengo lililobuniwa kwa ajili yake haina mpinzani. Hata hivyo ni ngumu na hupitisha mvuke kwa shida, hivyo ikipigwa juu ya tofali laini, maji yanayoingia ukutani hukosa pa kutokea, hujikusanya nyuma ya lipu, na chumvi zilizoyeyuka humo humenya uso wa tofali kidogo kidogo hadi likawa unga. Fundi mwashi alilieleza jambo hili kwa maneno machache kuliko mimi. "Mama, ukuta huu hauumwi," aliniambia akiugonga kwa mpini wa nyundo ili nisikie sauti ya uwazi nyuma ya lipu, "umezibwa pua."

Walibandua lipu yote ya saruji kwa patasi na nyundo, kazi iliyochukua wiki tano kwa kuwa mashine yenye nguvu ingevunja matofali pamoja nayo, wakaziacha kuta zikauke kwa miezi miwili huku kazi nyingine zikiendelea, kisha wakapiga lipu ya chokaa kwa tabaka tatu, wakisubiri kila tabaka likaze na kuilinda isikauke kwa pupa. Leo hakuna ukungu. Hata ile harufu nzito niliyodhani ni harufu ya uzee wa nyumba imetoweka, na nimeelewa kwamba ilikuwa harufu ya maji yaliyofungiwa.

Kuhusu umeme na mabomba sina mengi. Waya zote za zamani, ambazo hazikuwa na waya wa kutuliza umeme ardhini, ziliondolewa, na mabomba ya chuma yaliyokuwa yamezibwa na kutu kwa ndani yalibadilishwa. Kazi ni safi na kila sakiti imeandikwa inakwenda wapi.

Jambo moja lastahili kutajwa kwa kuwa lingeweza kufichwa. Katika wiki ya nane waligundua kwamba kibanda cha nyuma kilikuwa kimeezekwa kwa bati za asbesto. Madini hayo yamepigwa marufuku Uingereza tangu mwaka 1999 na katika nchi zote za Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2005, kwa sababu nyuzi zake zikivutwa na pumzi huweza kuleta saratani miaka mingi baadaye, lakini bado zipo juu ya mapaa mengi ya zamani duniani. Kampuni ilisimamisha kazi zote upande huo, ikazuia mtu yeyote kuzikata au kuzivunja, na ikaleta watu wenye ujuzi na mavazi maalumu kuziondoa zikiwa nzima na zimeloweshwa. Tulipoteza siku tisa, na gharama hiyo haikuwa kwenye makadirio. Sikunung'unika hata kidogo. Anayepanga kubomoa nyumba ya zamani kwa tingatinga ajiulize kwanza ni nini kitakachopanda hewani pamoja na vumbi hilo, maana rangi za zamani nazo mara nyingi zilichanganywa na madini ya risasi, ambayo ni sumu; Marekani ilikuja kuzipiga marufuku katika makazi mwaka 1978 tu.

Sasa malalamiko. La kwanza ni muda: tuliahidiwa wiki 26, tukatumia 37. Wiki mbili hivi ni za asbesto na hali ya hewa, lakini sehemu kubwa ya zilizobaki ni za madirisha, ambayo yaliagizwa kwa vipimo vilivyochukuliwa kabla lipu haijabanduliwa, yakafika yakiwa hayaingii kwa tofauti ya unene wa kidole. Kosa la namna hiyo halitarajiwi kwa watu waliopima unyevu wa kila ukuta mara tatu. Kampuni ilibeba gharama ya kuyarekebisha, ila muda haukurudi.

La pili ni kubadilishwa kwa msimamizi katikati ya kazi bila kutuarifu. Yule wa kwanza aliandika kila jambo kwenye daftari la eneo la kazi na kutusainisha. Wa pili alikubaliana na mafundi kwa mdomo, na mwisho wa mwezi tukaletewa orodha ya kazi za ziada saba, tatu kati yake hatukuziomba. Tulibishana, zikaondolewa mbili. Kwa anayetaka kuingia mkataba wa ukarabati, nasisitiza kifungu kinachosema kwamba kazi ya ziada isiyokuwa na saini haina malipo, kwa sababu nyumba ya zamani huzaa kazi za ziada kila ukuta unapofunguliwa.

La tatu ni ahadi kwamba tungeweza kuendelea kuishi humo. Kule Bordeaux, Ufaransa, wasanifu Anne Lacaton na Jean-Philippe Vassal, ambao walitunukiwa tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu majengo, mwaka 2021 na ambao msimamo wao ni kutobomoa kamwe, walishiriki kupanua nyumba 530 katika majengo matatu ya ghorofa bila wakazi kuhama, kwa kuwa sehemu mpya zilipachikwa kwa nje. Kwetu kazi ilikuwa ya ndani. Patasi zilipoanza, vumbi la lipu liliingia hadi kwenye masanduku ya nguo, na katika wiki ya pili tulihamia kwa ndugu. Ahadi hiyo haikupaswa kutolewa.

Kuhusu gharama, wapo wanaoamini kwamba ukarabati ni njia ya gharama nafuu, nami sitaki kuwadanganya. Baada ya kuongeza chumba na choo upande wa nyuma, nyumba yetu sasa ina mita za mraba 144. Jumla tuliyolipa, ikiwemo nyongeza ya asilimia 18 juu ya makadirio ya awali, ilikuwa kama asilimia 45 ya bei tuliyotajiwa kwa nyumba mpya ya mita za mraba 420. Ukigawa kwa ukubwa, kila mita ya mraba iliyokarabatiwa ilitugharimu takriban theluthi moja zaidi ya ile ambayo ingejengwa upya. Mtu anayenunua nyumba kwa mita, kama anavyonunua kitambaa, ataona tumepunjwa. Sisi tulilipia mita tunazozitumia. Tena bei ile ya nyumba mpya haikuwa imehesabu kubomoa, kusomba kifusi, wala kodi ya nyumba ya kuishi kwa muda wote wa ujenzi. Katika nchi nyingine sheria za kodi nazo huegemea upande mmoja: Uingereza, kwa mfano, nyumba mpya kwa kawaida haitozwi kodi ya ongezeko la thamani, ilhali kazi nyingi za ukarabati hutozwa asilimia 20, jambo ambalo ni sawa na kumlipa mtu abomoe.

Yule mwakilishi wa kwanza alidai pia kwamba nyumba mpya ingetumia nishati kidogo. Kwa kila mita ya mraba, huenda. Kwa nyumba nzima iliyo kubwa karibu mara tatu, nina shaka. Mwaka 2011 shirika la Marekani la National Trust for Historic Preservation lilitoa utafiti uliokadiria kwamba jengo jipya lenye ufanisi wa asilimia 30 zaidi ya lililopo huchukua kati ya miaka 10 na 80, kulingana na aina yake na mahali lilipo, kufidia madhara ya hali ya hewa yaliyosababishwa na ujenzi wake wenyewe. Shirika hilo ni la uhifadhi, kwa hiyo lina maslahi yake, lakini hesabu inaeleweka hata bila utafiti: matofali, chokaa na mbao za nyumba yetu vilikwisha kulipiwa na moshi wa watu wa miaka 90 iliyopita.

Bahati, kama ni bahati, ilitupa kipimo cha kulinganisha. Katika mwaka huohuo kiwanja cha jirani kilibomolewa na kujengwa nyumba inayofanana sana na ile picha tuliyoletewa. Majirani wenyewe ni watu wema na wamejenga kwa kibali halali, hivyo ninachosema ni juu ya jengo. Kuanzia saa tisa alasiri kivuli chake hulifunika jiko letu, ambalo zamani lilikuwa chumba chenye mwanga kuliko vyote. Madirisha yake ya juu yanatazama uani kwetu moja kwa moja. Miti mitatu ilikatwa, na sehemu karibu yote isiyo nyumba imesakafiwa kwa ajili ya magari. Hili la mwisho ndilo lililotuumiza zaidi, kwa hesabu ambayo mtoto wa shule anaiweza: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo mvua ya milimita 40 juu ya mita za mraba 250 zilizozibwa upya ni lita 10,000 ambazo zamani zilimezwa na udongo na sasa zinatafuta pa kwenda. Zilikuja kwetu. Nasema kwa sifa kwamba kampuni yetu ilirudi bila kuitwa mara ya pili, ikachimba mfereji wa kokoto kando ya mpaka na kupandisha kizingiti cha mlango wa nyuma.

Turudi kwenye ardhi kuwa ghali mno kwa nyumba ndogo. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu iwapo jengo kubwa lingeleta makazi zaidi. Kwa kawaida haliyaleti: inaondoka familia moja, inaingia familia moja, na kinachoongezeka ni ukumbi. Marekani, ambako nyumba za namna hii zilipewa jina la dhihaka la McMansion, wastani wa nyumba mpya ya familia ulikua kutoka kama mita za mraba 154 mwaka 1973 hadi kama 250 mwaka 2015, wakati wastani wa watu katika kaya ulipungua kutoka takriban 3 hadi 2.5. Mji wa Austin uliweka kanuni mwaka 2006 kwamba katika mitaa yake ya ndani eneo la sakafu zote lisizidi sehemu 0.4 ya eneo la kiwanja, au futi za mraba 2,300 (kama mita za mraba 214), lolote lililo kubwa zaidi. Kwa kanuni hiyo, kiwanja chetu kingeishia kwenye mita za mraba 240, na ile picha ya 420 isingetoka kwenye karatasi.

Hata hivyo kanuni ya ukubwa peke yake inaweza kugeuka ukuta wa kuwazuia wengine wasiingie mtaani. Ninavutiwa zaidi na mji wa Portland, jimbo la Oregon, ambao katika kanuni zilizopitishwa mwaka 2020 ulipunguza ukubwa unaoruhusiwa kwa nyumba ya familia moja na wakati huohuo ukaruhusu ukubwa zaidi kwa jengo lenye makazi mawili, matatu au manne. Huko, mwenye kudai kwamba ardhi ni ghali mno kwa nyumba ndogo huambiwa aijaze watu. Laiti jirani yetu angejenga makazi matatu katika ujazo uleule, ningevumilia kivuli chake kwa moyo mweupe zaidi. Sisi wenyewe tumebaki kwenye uwiano wa 0.24, na ripoti ya ukaguzi inaonyesha mahali ambapo kijumba cha pili kinaweza kujengwa nyuma siku moja bila kuigusa nyumba ya mbele.

Huduma hii naipa nyota nne kati ya tano. Ukaguzi na kazi ya chokaa vinastahili tano. Usimamizi wa nusu ya pili unastahili mbili, na bila ule mkataba uliotuwezesha kuzuia asilimia 5 ya malipo kwa miezi sita, sidhani kama milango miwili iliyokuwa ikikwama ingerekebishwa haraka vile. Ningewapa kazi tena, kwa sharti kwamba msimamizi aliyeanza ndiye atakayemaliza na kwamba madirisha yapimwe lipu ikiwa imekwisha kubanduliwa. Lililobaki ni gata la upande wa jikoni, ambalo bado linadondosha maji kwenye kiungio kimoja. Wameahidi kuja wiki ijayo, nami nitairekebisha tathmini hii wasipofika.